Goti inauma ukishuka Cimpunda: mazoezi gani, na uanzie wapi

Mama mmoja wa hapa Bukavu ameniandikia, nafupisha maneno yake. Ana miaka 36, watoto wane, anakaa juu ku mlima, mtaa wa Cimpunda, na anauza bitenge ku soko ya Nyawera, kila siku anashuka asubui na kupanda mangaribi. Tangu miezi 8 magoti yote mbili inamuuma, zaidi ile ya kuume, maumivu iko mbele, kuzunguka ile kamfupa ka mviringo, na inakuwa kali akishuka, akichutama kuwasha makala, na akikaa mda mrefu ku misa miguu imekunjwa. Radio, ile picha ya mifupa, walipiga, wakamuambia hakuna kitu. Ku famasi wakamuuzia diklofenaki. Jirani anamuambia mafuta ya goti imekauka, mwenzake wa soko anamuambia apige skwati 50 kila asubui, bwana yake anamuambia aache kutembea. Swali yake ni hii: "Nifanye mazoezi gani ya kutia magoti nguvu, yenye haitanizidishia maumivu?"

Mama, aksanti kwa vile umeeleza vizuri, juu maelezo kama hiyo njo nusu ya kazi. Mimi ni kine, mtu wa kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, njo kazi yangu ya kila siku, na wamama wenye goti kama yako nawapokea wengi sana. Nitajibu kwa urefu sababu majibu mafupi njo imekufikisha hapa, kila mtu amekupa neno moja, pumzika, skwati, mafuta, na hakuna mwenye alikuambia kwa nini.

Kitu ya kwanza ushike: goti yako haijaharibika, imezidiwa. Ile kamfupa, rotili, ao pia ya goti vile wanaandika mu vitabu, imeshikwa ndani ya mkanda wa misuli ya mbele ya paja, na kila mara unakunja na kunyoosha mguu inateleza juu na chini mu kamfereji kenye kako ku mwisho wa mfupa wa paja. Ukitembea fasi ya sawasawa inakandamizwa na nguvu kama nusu ya uzito wako tu. Ku ngazi inafika kama mara 3 ya uzito wako. Ukichutama mpaka chini kabisa inaweza kupita mara 7. Sasa piga hesabu: mtu wa kilo 65 akiwa ku ngazi, kila hatua rotili inakandamizwa na karibu kilo 200, na akibeba bidon ya litri 20 anaongeza kama kilo 60 ingine juu ya hiyo, kila hatua, asubui na mangaribi. Mama wa Lubumbashi anaweza kutembea wiki nzima bila kupanda kitu, wewe kutoka mlango yako mpaka ku meza yako ya soko ni mteremuko, matope, mawe na ngazi ya udongo wenye watu walichimba wenyewe. Goti yako inafanya kazi kubwa kuliko ya watu wengi wenye wanajiita wanaspoti.

Njo maana radio haikuonyesha kitu. Radio inaonyesha mfupa, haionyeshi mzigo. Ugonjwa huu, maumivu ya mbele ya goti, unatambulikana kwa kusikiliza mtu na kumuambia achutame mbele yako: kwa watu 10 wenye wako nao, kama 8 watasikia maumivu pale pale mbele ya goti. Wewe ulishaeleza kuchutama, kushuka, na kukaa mda mrefu, hizo tatu pamoja karibu zinatosha. Na maneno ya mafuta imekauka, mama, hapana. Maji ya ndani ya goti haikauki ku mtu wa miaka 36 sababu ametembea, hata kinyume, kutembea njo kunaisambaza. Goti ikilia kra kra ukiinuka, na hailete uvimbe, usiogope ile sauti, magoti mingi yenye haiumi inalia vile vile.

Sasa kwa nini sisi wanawake. Ni kweli tunapata maumivu hii karibu mara mbili kuliko wanaume. Watu wanapenda kusema ni kwa sababu ya nyonga pana, lakini ukipima nyonga na pembe ya mguu hautaweza kutabiri vizuri nani ataumwa. Kitu yenye inaonekana mara kwa mara ni nguvu: wanawake wenye maumivu hii wana misuli dhaifu ya paja la mbele na ya matako, zaidi ile ya upande wa nyonga. Nasema matako bila haya, juu ni misuli kubwa kabisa ya mwili na njo imesahauliwa zaidi. Kazi yake ni kushika mfupa wa paja usijizungushe kuingia ndani vile umesimama ku mguu mmoja, na kushuka mlima ni kusimama ku mguu mmoja mara elfu.

Fikiria kabati na tiroare yake, ile droo ya kuvuta. Kabati ikipinda kidogo tu tiroare inakwama, inasugua upande moja, na mtu anaweza kupiga randa ile tiroare mwaka mzima bila kupona kitu, wakati kabati njo imepinda. Rotili ni tiroare. Mfupa wa paja ni kabati. Na wenye wanashika kabati isimame sawa ni matako. (Naongeza kwa haki: hatujui kila mara nani alitangulia, ku watu wengi udhaifu wa nyonga unakuja nyuma ya maumivu, juu mtu anaumwa, anajikinga, anapunguza, misuli inalala. Lakini hata vile, kuiamsha njo kunasaidia.)

Mimi mwenyewe miaka yangu ya kwanza nilikuwa nafanya vingine. Tulifundishwa kutia nguvu ile nyama ya ndani ya paja karibu na goti, eti njo inavuta rotili irudi fasi yake, na niliwafanyisha wamama ile zoezi peke yake wiki na wiki, kisha nawaambia wapumzike kutembea. Walikuwa wanarudi na maumivu ile ile na paja limekonda zaidi. Ile nyama huwezi kuichagua peke yake, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi pamoja. Na kupumzika kabisa kunapunguza maumivu kwa siku kidogo, halafu ukirudi ku mlima unarudi na goti dhaifu kuliko mbele. Inaniuma mpaka leo nikifikiria ginsi wamama wale walipoteza wakati.

Yenye ilibadilisha mawazo yangu ni utafiti. Brazil mu 2010 walichukua wanawake 70 wenye hawafanye spoti na wenye maumivu kama yako, wamoja wakafanya mazoezi ya goti peke yake, wamoja ya goti pamoja na nyonga, wamoja bule, kwa wiki 4. Makundi yote mbili yenye walifanya mazoezi waliendelea vizuri, lakini fasi yenye kundi la nyonga liliwapita wenzao waziwazi ni moja: maumivu ya kushuka ngazi. Kushuka, mama, ile ile yenye umeniandikia. Irani mu 2012 walifanya nyonga peke yake kwa wanawake 28, nusu wakafanya mazoezi wiki 8, na miezi 6 nyuma wenye walifanya walikuwa bado wako muzuri. Na mwongozo wa wafiziotherapi wa Marekani wa 2019 unasema wazi: fanya zote mbili, nyonga na goti, na mwanzoni, wakati goti inauma sana, tanguliza nyonga. Njo jibu yangu kwa swali yako, unaanza ku matako, kisha unashuka ku goti.

Vyombo: mkeka, ukuta, kiti, tofali mbili, kioo kama iko, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya moto (pikipiki), ile yenye wamotari wanafungia mizigo, ukate upana wa vidole vine, ufunge fundo iwe mduara. Vaa trening ao kolan, kikwembe kitakusumbua. Siku tatu kwa wiki, mfano siku ya kwanza (Jumatatu), ya tatu na ya tano, siku zenye zimebaki acha misuli ipumzike. Dakika 25 zinatosha. Fanya miguu yote mbili hata kama moja njo inauma zaidi.

Wiki mbili ao tatu za kwanza unafanya umelala, goti haibebe kitu.

Zoezi yenye napenda kuliko zote ni ya kulala upande, na njo watu wanaharibu zaidi kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Lala ku upande wa kushoto, mgongo na visigino viguse ukuta. Mguu wa chini ukunje kidogo, ule wa juu unyoshe. Sasa inua mguu wa juu, kisigino kikiteleza ku ukuta, vidole viangalie mbele ao chini kidogo, hapana juu. Hapo njo siri. Ukigeuza vidole viangalie dari, misuli ya mbele ya nyonga itakuja kufanya kazi mahali pa tako na utaona mguu unapanda juu sana na utafurahi, wakati haufanye kitu. Ukifanya sawa mguu hautapanda sana, labda shubiri moja na nusu, na utasikia moto pale nyuma ya mfuko wa suruali, juu ya tako kwa upande. Kama unasikia ku mbele ya nyonga, ao ku mgongo, simama, jipange upya. Inua kwa sekunde 2, shika 2, shusha kwa 3. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia, tatu zote. Ikiwa rahisi mpaka 15 bila kuchoka, funga ule mpira juu kidogo ya magoti.

Kisha, ungali ku upande, kunja magoti yote mbili kama mtu analala baridi, nyayo zikae pamoja, na fungua goti ya juu kama unafungua kitabu. Kiuno kisigeuke nyuma, weka mkono wako ku nyonga uichunge. 10 mara tatu.

Kisha geuka mgongo, kunja magoti, nyayo chini, na inua kiuno mpaka mwili ufanye mstari kutoka mabega mpaka magoti. Kaza matako vile unapanda, hapana mgongo. Ikikushika kramp nyuma ya paja, sogeza visigino karibu na matako. 12 mara tatu.

Ya mwisho ya kulala: mguu moja umekunjwa, mwingine umenyooka, kaza paja kwanza mpaka uone rotili inapanda, njo unauinua kimo cha goti ingine, shusha polepole. 10 mara tatu. Hii ni kwa paja, tusiiache ilale.

Wiki ya tatu ao ya ine, kama kushuka kumepunguka hata kidogo, simama. Mpira ufungwe juu ya magoti, kunja magoti kidogo tu, na tembea upande kama kaa, hatua 10 kwenda na 10 kurudi, mara tatu, vidole viangalie mbele, na usiache magoti yavutwe ndani na mpira. Korido inatosha, ata kati ya kitanda na ukuta.

Halafu nusu skwati, na hapa njo najibu yule mwenzako wa soko. Skwati haiko mbaya, ila 50 mpaka chini kila asubui kwa goti yenye inauma ni kama kutia mzigo wa lori ku moto. Ukikunja goti ukiwa umesimama, kutoka umenyooka mpaka nusu ya nusu ya njia, ile wanaita digrii 45, rotili inakandamizwa kidogo. Ukizidi hapo inapanda haraka. Kwa hiyo egemeza mgongo ku ukuta, nyayo mbele kidogo, teleza chini kidogo tu, mpira juu ya magoti, sukuma mpira nje, goti iangalie kidole cha pili cha mguu. 10 mara tatu. Kila wiki unaweza kuteremuka kidogo zaidi kama goti inakubali. Na ukikaa ku kiti na kunyoosha mguu na uzito, sheria inageuka, hapo njo ukinyoosha mpaka mwisho inakandamiza zaidi: funga kifuko cha kilo 1 ao 2 za maharagi ku kifundo cha mguu, anza goti ikiwa imekunjwa sawa ya kiti, inua mpaka nusu ya njia, rudi polepole. Wengi wanafanya kinyume, wanahangaika na ile sehemu ya mwisho, na wanasema zoezi ni mbaya.

Zoezi ya kukurudisha ku mlima ni ya tofali, na usiikimbilie, ingoje wiki ya tano ao sita. Weka tofali moja ya kulala, isitikisike, panda na mguu wa kuume, mguu wa kushoto unaning'inia mbele. Sasa shusha kisigino cha kushoto kiguse chini polepole, hesabu 3, kiguse tu kama unaogopa kuvunja yai, kisha rudi juu kwa nguvu ya mguu wa kuume. Fanya mbele ya kioo, ao muambie mtoto wako mkubwa aangalie mambo mbili: goti ya kuume isikimbie ndani, na kiuno kisishuke upande wa kushoto. Ukiona goti inaingia ndani punguza, mara 5 zenye ziko sawa zinapita 20 zenye zimepinda. Inamisha kifua mbele kidogo kutoka ku nyonga, hapo tako linaingia kazini na goti inapumua. Ukifika mara 10 mara tatu bila shida, ongeza tofali ya pili juu. Zoezi hii ni kushuka Cimpunda lakini kwa kipimo, wewe njo unachagua kimo cha mlima.

Ginsi ya kujua kama unazidisha. Jipe namba ya maumivu kutoka 0 mpaka 10. Ukifanya zoezi ikafika 2 ao 3, endelea, goti haivunjiki. Ikipita 4, punguza kimo, ao mara, ao toa mpira. Kisha angalia kesho yake asubui: kama goti imerudi vile ilikuwa, kipimo ni kizuri. Kama imeamka mbaya kuliko jana, haiko kwamba umejiumiza, ni kipimo tu kilizidi, siku yenye inafuata fanya nusu, usiache. Nasisitiza juu hapo njo wengi wanatoka mu njia, wanasikia maumivu mara moja na wanasema mazoezi imeniharibia, wanarudi ku tembe. Ma wiki mawili matatu ya kwanza nguvu yenye utasikia ni mishipa ya fahamu inajifunza kuita misuli, nyama yenyewe inajengeka kuanzia wiki ya 6 mpaka 8. Wengi wanaanza kushuka vizuri hapo. Panga wiki 12, na hata ukipona bakiza siku moja ao mbili kwa wiki, juu maumivu hii inapenda kurudi, zaidi ya nusu ya watu wenye walifwatwa kwa miaka 5 mpaka 8 walikuwa bado wanasumbuliwa, na wenye walikuwa wameumwa mda mrefu mbele ya kuanza njo walikuwa na hali mbaya zaidi. Wewe uko ku miezi 8, usiifikishe miaka 3.

Wakati misuli inajengeka, lazima upunguze mzigo bila kuacha maisha, na hapa njo bwana yako amekaribia ukweli kidogo. Hauwezi kuacha kutembea, biashara itakufa. Lakini kama iko franga ya moto ya safari moja tu kwa siku, usiitumie kupanda, itumie kushuka. Watu wote wanafanya kinyume juu kupanda kunachosha pumzi, lakini wewe umesema kushuka njo kunauma, kwa hiyo panda na miguu, shuka na moto, kwa wiki 4 ao 6. Ukishuka na miguu, hatua fupi, zunguka zigizagi fasi yenye njia ni pana, na usishuke na robota ya bitenge ku mgongo kama unaweza kuilaza kwa mtu wa depo. Mbabula, jiko yako ya makala, uiweke juu ya tofali tatu nne, na ukae ku kiti kidogo badala ya kuchutama. Maji, bidon ya litri 10 mara mbili, hapana 20 mara moja. Ku misa kaa ku mwisho wa benchi, nyoosha mguu ku njia, na wakati wa kupiga magoti weka kikwembe kimekunjwa chini ao baki umekaa, Mungu anaona goti yako. Viatu vya kisigino kirefu viache kwanza, vinaongezea rotili mzigo.

Dawa nitapita haraka. Diklofenaki inaweza kutuliza siku kidogo, lakini miezi na miezi inakula tumbo na figo, na inapandisha tansio, na haitie misuli nguvu hata kidogo. Sindano za ndani ya goti kwa ugonjwa huu sikushauri. Kukandwa na mafuta ya moto hakuna ubaya kama inakupendeza, ila kuchanjwa kwa wembe hapana. Ile mfuko ya goti ya elastiki yenye wanauza ku barabara, mwongozo wa 2019 unasema isitumiwe, na mimi pia nimeona watu wanaivaa miaka mbili na paja linakonda. Plasta yenye kine anabandika kuvuta rotili, hiyo ndiyo inaweza kusaidia wiki za kwanza, mpaka 4, ili ufanye mazoezi bila maumivu. Soli laini ya ndani ya kiatu vile vile, kwa wiki 6 hivi, kama nyayo zako zinalala ndani.

Na kuna mambo yenye haiko ya mazoezi, ukiyaona usiendelee na jibu yangu, nenda uonwe na daktari: goti imevimba ghafula, ao iko ya moto na nyekundu na una homa, goti inakwama haitaki kunyooka, ao inakuacha mpaka unaanguka, rotili ilitoka fasi yake siku moja, ulianguka na hauwezi kukanyaga hatua ine, maumivu ya usiku yenye hailegei hata ukilala, ao shavu la mguu moja limevimba na kuuma. Mtu wa drepanositozi (selimundu) naye asianze peke yake, kwake maumivu ya goti inaweza kutoka ku mfupa, hata ku nyonga. Na kama uko na kijana ku nyumba, mvulana ao msichana wa miaka kati ya 10 na 16, anasema goti inamuuma na anachechemea, usimpe mazoezi hii, daktari aangalie nyonga yake kwanza, juu ku umri ule nyonga inaweza kuteleza na maumivu inasikika ku goti.

Umeuliza pia pembeni kama ukiwa na mimba itakuwa shida. Mazoezi ya upande, ya mpira na ya tofali moja unaweza kuendelea nayo kama mkunga hana neno, zile za kulala mgongo uzipunguze vile tumbo linakua.

Kuchutama kwenyewe hakutapotea mu maisha yako, choo na makala havitakungoja ku kiti kila siku. Wiki ya 8 ao 10, kama tofali mbili zimekuwa rahisi, anza kuchutama ukishika nguzo ya mlango, kila wiki chini kidogo, mpaka ufike chini kabisa na kuinuka na namba isipite 2. Njo siku ile uondoe tofali chini ya mbabula. Na ukifika wiki ya 12 kushuka bado kunapita 4, usiongeze mazoezi mwenyewe na usirudi ku tembe, nenda kwa kine, ku kituo cha Heri Kwetu hapa Bukavu ao ku hopitali kubwa yenye iko na huduma hiyo, beba viatu vyako vya soko, na umuombe akuangalie ukishuka ngazi, hapana ukilala ku kitanda tu.

Anza siku ya kwanza yenye inakuja. Upande wa kushoto, kisigino ku ukuta, vidole visiangalie dari.